Udongo wa Josho

Nyanjige Maganga alipunguzwa kazi Ijumaa, tarehe 30 Juni 1995, pamoja na wenzake arobaini na mmoja, katika kiwanda cha kuchambua pamba mjini Bariadi. Barua ilikuwa na mistari sita. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa mshonaji wa magunia pale, na aliondoka na vitu viwili ambavyo hakuna aliyemdai: shazia yake ya kushonea na ufunguo wa geti la ghala dogo lililo nyuma ya soko.

Ghala lenyewe lilikuwa tupu. Wanunuzi binafsi walikuwa wameshaingia. Walikwenda na mizani zao hadi vijijini, wakapakia pamba kwenye malori yao na kuipeleka walikojua wenyewe. Mbele ya ghala ilibaki sakafu ya saruji, hatua thelathini kwa kumi na nane, ambapo zamani wakulima walimwaga pamba wakisubiri zamu ya kupimiwa. Nyanjige aliitaka sakafu hiyo. Mtu akikuona unalima kiwanja cha mjini, atakuja na karatasi kusema ni chake. Saruji haigombewi, kwa kuwa hakuna anayeiona kuwa shamba.

Akaokota magunia ya pamba yaliyotoboka, akayakata na kuyashona upya yawe ya kimo cha goti, akayapanga kwa safu juu ya saruji. Kilichokosekana ni udongo. Ardhi ya Bariadi mjini ni mbuga: mvua ikinyesha inanasa miguu, jua likiwaka inapasuka nyufa za kuingiza mkono. Ukiijaza kwenye gunia inakuwa tofali.

Lakini Nyanjige alizaliwa Nkoma, katika nyumba ya ng'ombe, na mtoto wa nyumba kama hiyo hafundishwi mahali penye udongo mzuri; anakua akipaona. Ni pale ng'ombe walipolala miaka mingi. Familia ikihama, mahame yake huitwa itongo, na zizi la zamani ndani ya itongo hupandwa kabla ya mahali pengine popote. Baba yake alilima tumbaku na maboga katika zizi moja kwa miaka tisa bila kuongeza mbolea hata kiganja. Mjini hapakuwa na itongo. Palikuwa na josho.

Josho lilikuwa mwendo wa dakika ishirini kutoka sokoni. Kwa miaka thelathini ng'ombe wa vijiji vyote vya jirani walikuwa wakiogeshwa pale dawa ya kupe, bure. Kisha wafugaji wakaambiwa wachangie dawa, kisha wakaambiwa wajitegemee, na mwaka 1991 mabati ya paa lake yakaondoka moja moja. Yalibaki mazizi mawili, la juu na la chini, na handaki la saruji katikati yake. Katika macho ya Nyanjige hilo lilikuwa itongo kubwa kuliko yote aliyowahi kuona, na mwenyewe hayupo.

Mwaka wa kwanza alichimba zizi la juu. Alijaza magunia thelathini na manane na kuyashona kwa uzi mweupe wa kiwandani. Mchicha uliota kama umetukanwa. Figiri na mnavu vilifuata. Wanawake wa hoteli za sokoni walianza kufika na ndoo, na kwa mara ya kwanza tangu ile barua ya mistari sita Nyanjige alilala bila kupiga hesabu ya kesho.

Agosti 1996 zizi la juu lilikuwa limekauka na kuwa gumu, lina magugu ya kung'oa kabla ya kufikia udongo. La chini lilikuwa laini na safi, halina hata unyasi mmoja. Alilichukulia kuwa bahati. Akasomba mikokoteni sita ya mkono, akaongeza magunia ishirini na manne, haya akayashona kwa katani maana uzi wa kiwandani ulikwisha. Mboga za humo zilitoka fupi, zenye kingo za njano. Alilaumu maji. Na kwa kuwa udongo wa itongo hauunguzi mmea, hata ukizidisha, Septemba alichukua uliobaki na kuongeza vibakuli viwili juu ya kila gunia la zamani, uwe mbolea.

Magunia yote sitini na mawili yalikuwa na udongo wa zizi la chini ilipofika Alhamisi, tarehe 17 Oktoba.

Asubuhi hiyo alikuta geti limesukumwa na gunia la kona limepasuliwa ubavuni. Udongo ulikuwa umelambwa hadi pakawa na shimo laini kama bakuli lililooshwa. Mchicha ulisimama juu yake mzima. Hakuna jani lililokosekana. Nyanjige alilishona gunia, akaendelea kumwagilia.

Saa nane mchana alisikia kelele upande wa pili wa ukuta. Kule aliishi Masunga, mfugaji aliyehamia mjini kutoka Mwamapalala na ng'ombe saba, kinyume cha amri za mji. Mtamba wake mwekundu, ambaye angezaa Januari, alikuwa amelala ubavu akisaga meno na kuharisha maji yenye damu. Kila alipojaribu kusimama, miguu ya nyuma ilimkataa. Kabla ya saa kumi alikuwa amekufa.

"Asubuhi alikuwa mzima," Masunga aliwaambia majirani waliojaa uani. "Mzima kabisa! Tangu lini ng'ombe anakufa nusu siku? Hata homa ya ndigana inakupa wiki ya kuagana naye."

"Pole sana, baba," Nyanjige alisema.

"Pole nitazipokea nikirudi, mayu," Masunga alisema, akimwita mama kwa Kisukuma. "Jumamosi nakwenda Mwamapalala. Kuna mzee pale anajua kuuliza ramli. Kuna mtu ameniona kwa jicho baya, na nitarudi na jina lake."

Nyanjige alikuwa anatazama mdomo wa mtamba. Kwenye midomo na juu ya ulimi uliotokeza palikuwa na udongo uliokauka, mweusi, laini, wenye makapi ya mavi ya kale, usionata kama wa mbuga. Mjini Bariadi udongo wa namna hiyo ulikuwa mahali pamoja tu. Hakuna mwingine aliyeutazama. Masunga alichuna ngozi, na nyama yote akaifukia, kwa kuwa aliamini imetupiwa kitu.

Jioni alikuja Benedikta, mwanamke mnene wa sauti kubwa, shangazi wa padri mpya Januarius. Jumapili ilikuwa misa ya shukrani ya padri huyo, wageni mia tatu, na Benedikta ndiye mkuu wa jikoni. Oktoba hiyo hapakuwa na mboga za majani mjini zaidi ya hizi za kwenye saruji. Alikuwa ameziagiza zote. Nyumbani kwake mwenyewe alikuwa anazila kwa wiki ya tatu.

"Usimuuzie mtu hata jani, dada," alisema akipita kati ya safu, akipapasa mchicha kama mtu anayechagua kanga. "Wakija wale wa hoteli waambie mboga zimeshapewa upadirisho."

"Nimesikia."

"Jumamosi saa mbili nakuja na wanawake sita na visu. Mbona uso kama wa karani aliyepoteza mhuri?"

"Ndoo zimenichosha."

"Jumapili utakaa mbele, utapumzika. Nitakutangaza kanisani. Watu wajue nani kawalisha."

Alipoondoka, Nyanjige alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Jambo lenyewe lilikuwa jepesi: angenyamaza tu. Jumamosi Masunga angekwenda kupewa jina Mwamapalala, na hakuna ambaye angeuliza kuhusu udongo. Jina hilo lingekuwa la mtu. Nyanjige alijua, kama kila mtu alivyojua, kwamba majina ya namna hiyo huwaangukia vikongwe wasio na watoto wa kiume wa kuwatetea. Na Jumapili watu mia tatu wangekula. Ikiwa majani hayana kitu, wangeshiba. Ikiwa yana kitu, hakujua wangekuwa na nini.

Alikuwapo mtu mmoja wa kumwuliza. Athanasi, ambaye watu walimwita Bwana Josho, alihudumia josho lile kwa miaka kumi na saba kabla naye hajapunguzwa. Sasa alikuwa Nyashimo, kando ya barabara ya Mwanza na Musoma, akiuza dawa za mifugo. Ijumaa alfajiri Nyanjige alipanda juu ya lori la mnunuzi wa pamba, akakaa kwenye marobota, na kabla ya saa tano alikuwa mbele ya kibanda chenye chupa zilizopangwa kwa ukubwa.

"Mwangaluka, baba," alimwamkia kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu. Ng'ombe wako ana nini?"

"Sina ng'ombe. Nina swali."

"Swali halina dozi. Kaa."

Alikaa. "Lile josho letu la Bariadi. Udongo wake una nini?"

Athanasi aliacha kufuta chupa aliyokuwa ameishika. "Nani anauliza? Wilaya?"

"Naonekana kama wilaya, baba? Mimi nauliza. Nataka kupanda mboga."

Alisema nataka. Hakusema nimepanda. Athanasi alimtazama kidogo, kisha akachora kwa kidole kwenye vumbi la meza yake: zizi, handaki, zizi.

"Ng'ombe wanaingilia hapa juu. Hapa wanasubiri, wanakunya, dawa haijawagusa. Katikati wanaogelea. Wanatokea hapa chini, wanajikung'uta, wanasimama mpaka wakauke. Dawa yote iliyo mwilini inadondoka hapa. Na kila mwaka tulikuwa tunashuka na madebe, tunachota tope la handaki na kulimwaga hapahapa chini, kwenye uzio wa minyaa. Waliotutangulia nao vivyo hivyo, tangu enzi za aseniki, ile sumu ya kuulia kupe."

"Aseniki si iliachwa zamani?"

"Kuwekwa iliachwa. Kwenye udongo nani aliiondoa? Ile haiozi kama mavi. Tena ina chumvichumvi. Ng'ombe akiuonja udongo wa chini hauachi. Kila mwaka tulikuwa tunazika wawili watatu walioruka uzio wakaenda kulamba. Wenye ng'ombe walisema wamerogwa." Alicheka peke yake. "Na sisi tuliwaacha waseme hivyo. Nani angetaka kulipa?"

"Na mboga zikiota humo?"

"Mboga sijui, mayu. Sikusomea mboga, na sijasikia aliyepima. Ninachojua mimi singekula, na mke wangu asingepika." Aliweka kidole kwenye mchoro. "Wewe unataka kuchimba upande gani?"

Nyanjige aliyatazama mazizi mawili kwenye vumbi.

"Juu," alisema.

"Juu chimba. Juu ni mavi tu, tena mavi ya miaka thelathini. Kula na wanao. Huko chini utapaona mwenyewe, hapaoti hata nyasi."

Lori la kurudi lilikuwa tupu na liliruka kila shimo. Nyanjige alishikilia bomba la ubavuni na kuyarudia maneno aliyopewa. Juu chimba. Kula na wanao. Yalikuwa yamesemwa na mtu pekee aliyejua, na yangemtosha kumjibu yeyote atakayemwuliza. Kila alipoyarudia, alikiona kidole cha Athanasi kwenye vumbi, kikiwa upande mwingine.

Alifika ghalani jua linazama. Alijaribu kuokoa thelathini na manane. Yale ya uzi mweupe yalikuwa ya zizi la juu; labda kukwangua vibakuli viwili vya juu kungetosha. Alipiga magoti mbele ya gunia la kwanza na kuanza kuchokoa kwa kijiko. Maji ya mwezi mzima yalikuwa yameshausukuma udongo mweusi chini, na mizizi ilikuwa imeushika na ule wa kahawia kama nywele zilizosukwa. Alijaribu la pili. Alijaribu la kumi, akasimama, akanawa mikono mara tatu.

Jumamosi saa mbili kasoro dakika chache Benedikta aliingia na wanawake sita, wamebeba matenga na visu, tayari wanaimba. Nyanjige alikuwa amesimama katikati ya safu na shazia mkononi, bila kitu cha kushona.

"Anzieni pale kwa uzi mweupe, ndizo nene," Benedikta aliamuru. "Mshike shina, msing'oe. Dada Nyanjige, sogea, au umekuwa mche?"

Nyanjige alisogea. Mafungu mawili yalikatwa na kuwekwa kwenye tenga. Alifungua mdomo, na kilichotoka ni kwamba visu ni vikali, waangalie vidole.

Ndipo Masunga akatokea getini, amevaa shati la safari, mfuko begani, akiswaga ng'ombe mweupe aliyekuwa anampeleka kwa ndugu yake njiani. "Nawaaga, kina mama," alisema. "Niombeeni nirudi na jina."

Ng'ombe hakungoja maombi. Alipita kati ya wanawake, akaenda moja kwa moja kwenye gunia la mwisho wa safu na kuinamisha kichwa.

"Mwache, apate majani mawili," Benedikta alicheka. "Naye ni wa parokia."

Nyanjige alikuwa ameshaokota fimbo. Alimpiga ng'ombe puani mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka akarudi nyuma akipiga chafya.

"We! We!" Masunga aliruka. "Unampiga ng'ombe wangu kwa ajili ya mchicha?"

"Hakula mchicha. Angalia majani. Alikuwa analamba udongo."

"Sasa udongo una nini?"

Wanawake waliacha kukata. Nyanjige aliisikia sauti yake, nyembamba kuliko alivyotaka.

"Udongo huu ndio alioulamba mtamba wako. Usiku wa kuamkia Alhamisi, gunia la kona lile. Ni wa josho, wa zizi la chini, wanakosimama ng'ombe wakidondosha dawa. Nimeuchimba kwa mikono yangu mwezi wa nane. Uko kwenye magunia yote. Hakuna mtu aliyekuona kwa jicho baya, Masunga. Usiende Mwamapalala."

Masunga aliutua mfuko chini polepole. "Umejua lini?"

"Alhamisi. Niliuona mdomoni mwake."

"Na leo ni siku gani?"

"Jumamosi."

Masunga aliitikia kwa kichwa kama mtu anayethibitisha hesabu. Benedikta ndiye aliyepaza sauti.

"Na sisi? Wiki tatu nakula hizi mboga mimi! Na mume wangu! Umetulisha josho, Nyanjige?"

"Na mimi nazila."

"Sikukuuliza wewe unakula nini! Ng'ombe huyu asingekuja, ungetuacha tukate? Ungekaa mbele kanisani, nikutangaze?"

Nyanjige aliiweka fimbo chini.

"Sijui," alisema.

Mmoja wa wanawake aliweka kisu chini na kuanza kujifuta viganja kwenye kitenge, kwa nguvu, kama mtu aliyeshika upupu. Benedikta alilipindua tenga, mafungu mawili yakadondoka kwenye saruji. Alihesabu kwa vidole nani kala nini nyumbani kwake na nani alilalamika tumbo. Alimpata mmoja, mumewe, lakini huyo, alisema kwa hasira, tumbo lake halijawahi kutulia tangu ndoa. Hakuna aliyecheka.

"Kesho maharage," alisema hatimaye. "Padri kalelewa kwa maharage. Na watakaouliza mboga ziko wapi, nitawaambia, dada. Nitawaambia yote na jina lako."

"Waambie. Na wa hoteli nitawafuata mwenyewe, leo."

Aliwafuata, mmoja baada ya mwingine. Wawili walimfukuza. Wa tatu alimwuliza mara nne kama ana uhakika, na mara zote nne Nyanjige alisema kwamba uhakika hana, kwamba Bwana Josho mwenyewe hana, na kwamba kwa hiyo asipike. Hakuna aliyewahi kuzipima mboga zile. Jioni alimtumia Athanasi ujumbe kwa utingo wa lori: kwamba alipomwambia juu, alikuwa ameshachimba na chini pia.

Masunga hakwenda Mwamapalala. Alitaka kupaona. Nyanjige alimpeleka hadi josho, akamwonyesha zizi la chini na mashimo aliyoyachimba, kingo zake zikiwa bado na alama za jembe. Masunga alichutama pembeni, akachukua udongo kidogo na kuunusa, akaumwaga.

"Udongo mzuri hivi," alisema.

"Ndivyo nilivyofikiri."

"Hata mimi ningechimba, mayu. Hata mimi." Alinyanyuka. "Lakini mtamba ni mtamba. Tutaongea mbele ya watu, wa kwangu na wa kwako."

"Tutaongea."

"Na hii lazima izibwe. Ng'ombe wa watu wanapita hapa kila siku."

Alasiri hiyo walikata miba pamoja na kuziba mwanya wa zizi la chini. Jumapili wageni walikula wali, nyama na maharage, na Benedikta alisema alichoahidi kukisema, kwa sauti ileile. Nyanjige alikuwa nyuma, karibu na mlango. Hakutoka.

Kesho, Jumatatu saa moja asubuhi, magunia yote sitini na mawili yatapakiwa kwenye mkokoteni wa Masunga, mboga zikiwa juu yake, na kwenda kufukiwa ndani ya handaki la josho. Mkokoteni utavutwa na ng'ombe wawili. Nyanjige ameshawashonea vifuko vya katani vya kuwafunga midomo.